Eksirei ya goti la mama hapa Mtwara: omba apigwe akiwa amesimama

Mama yangu anaishi kijijini, upande wa Tandahimba. Goti la kulia lilimwanza msimu wa korosho wa mwaka juzi: mchana kuinama kuokota, jioni kukaa kwenye kigoda akibangua. Alilichua kwa mafuta ya nyonyo, akalifunga kitambaa, akasema ni baridi tu. Siku aliposhindwa kuinuka baada ya kusujudu ndipo nikamleta kwangu mjini.

Mara ya kwanza tulikwenda kituo ambacho sitakitaja. Alilazwa mezani, mguu ukanyooshwa, dakika mbili kazi imekwisha. Hakuna aliyemwuliza kuhusu sarafu alizofunga kwenye pindo la kanga, nazo zikatokea pembeni ya picha, viduara viwili vyeupe pee. Majibu yakaandikwa kwamba goti halina tatizo. Tukapewa diklofenaki, vidonge vya maumivu. Akazimeza miezi minne, tumbo likaanza kumwaka, goti liko vilevile. Kilichoniuma zaidi ni mama kuanza kujitilia shaka. "Mwanangu," aliniambia, "labda ni uzee tu. Mashine imeshasema sina kitu."

Mara ya pili nikampeleka hospitali nyingine hapa hapa Mtwara, kwa daktari wa mifupa. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri inaadhiniwa, jambo linalochosha sana kwa mtu mwenye goti bovu. Lakini yule daktari alianza kwa kulishika goti lenyewe, akalikunja na kulikunjua, akasikiliza linavyokwaruza. Halafu akaitazama ile picha ya zamani na kuuliza, "Alikuwa amelala?" Akaandika upya: magoti yote mawili, amesimama.

Alitueleza sababu, na ningependa kila mwenye mzazi anayelalamikia magoti aijue. Mfupa unaonekana kwenye eksirei kwa kuwa una kalsiamu inayozuia mionzi. Gegedu, lile tandiko laini kwenye ncha za mifupa, mionzi hulipita, kwa hiyo halionekani. Anachosoma daktari ni mwanya uliopo kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Mgonjwa akilala, mwanya unaweza kuonekana mzima. Akisimama, uzito wake unaibana mifupa, na gegedu lililolika linajulikana hapo.

Chumbani kijana wa mionzi alimwamkia, kisha akamwuliza, "Mama, kwenye pindo la kanga kuna nini?" Sarafu zikakabidhiwa kwangu kabla sijatoka nje. Nikamsikia mlangoni: "Egemea miguu yote miwili, mama, usilionee huruma hilo linalouma."

Picha ilipowekwa kwenye taa hata mimi niliona. Goti la kulia, upande wa ndani, mwanya umebaki kama uzi. Kwenye kingo za mifupa vimeota vijipembe kama miiba, na pale palipolika mfupa umekoza weupe. Daktari akasema goti limelika kwa daraja la 3, kwa kipimo cha 0 (goti zima) hadi 4 (limelika vibaya zaidi) kilichotolewa na madaktari Kellgren na Lawrence mwaka 1957. Mama akauliza swali zuri sana: mbona la kushoto nalo lina vijipembe na haliumi? Akajibiwa kwamba picha haipimi maumivu. Wapo wenye picha mbaya wanaotembea vizuri, na wapo wenye picha safi wanaolia usiku. Akaagiza pia damu ipimwe kwa ajili ya jongo (gauti), kwa sababu jongo likiwa changa eksirei haiwezi kulionyesha.

Diklofenaki zilisimamishwa. Alifundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya paja, na kushika fimbo kwa mkono wa kushoto, yaani upande usiouma. Miaka yote alikuwa akiishika kulia.

Jambo moja zaidi: walitaka kutupa sidii, nikaomba picha ya karatasi ngumu, kwa sababu zahanati ya kijijini haina kompyuta ya kuifungulia. Sasa mama ameihifadhi juu ya kabati ndani ya bahasha yake. Jirani akija kumjulia hali huitoa, huiinua kwenye mwanga wa mlangoni na kumwonyesha kwa kidole: "Hapa ndipo panaponiuma. Unaona? Sikuwa nasingizia."