Dingi wa saa Arusha anayetambua beji za jeshi, buku tano yake ni halali

Wadau mnaokusanya beji, medali na vifungo vya jeshi huku kaskazini, kuna dingi mmoja Arusha ana kaduka ka saa na sarafu za zamani maeneo ya soko kuu, bango hana, ukimuuliza jina la duka anacheka tu. Unampelekea beji, anakuambia ya jeshi gani, kipindi gani na kama ni orijino au ya kughushi. Buku tano kwa moja, ukiwa nazo nyingi mnaelewana.

Kilichonifanya nimkubali ni kwamba haangalii mbele kwanza, anaigeuza. Beji nyingi za Waingereza za enzi zile ziligongwa kwa mashine, kwa hiyo nyuma unaona umbo lile lile limezama kwa ndani, sasa hizi za kughushi watu wanayeyusha wanamimina, nyuma inatoka bapa au ina vishimo vishimo na kingo zote hazina makali. Alafu anatafuta jina la mtengenezaji, hasa kwenye vifungo, Firmin na J.R. Gaunt ndo utakutana nao sana. Akimaliza hapo ndo anageukia mbele, na kama kuna taji anaweka lenzi: enzi za George VI mgongo wa taji umeviringa, enzi za Elizabeth kuanzia 1953 umebonyea katikati. Kwa hiyo yule chalii wa soko la Memorial Moshi aliyekuwa anauza beji ya "vita ya Hitler" yenye taji la kubonyea, mzee hakuhitaji hata dakika.

Nilishajaribu programu za simu za kupiga picha, zinaona mbele tu, na ukiziwekea beji yoyote ya ndege tai zinakujibu Ujerumani. Mi nilikuwa na tai ya chuma yenye taji kichwani, amesimama juu ya ngao ndogo, imetokea Tengeru. Mzee kaigeuza, kauliza imetoka wapi, nikamwambia, akasema basi hiyo ni ya Wapolandi. Na ukifikiria inaingia akilini kabisa, maana Tengeru kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland kuanzia 1942, watu kama 5,000, wengi akina mama na watoto ambao wanaume wao walikuwa jeshini, na makaburi yao mpaka leo yapo pale pale. Kwenye kifurushi hicho hicho kulikuwa na kitambaa chekundu kina nguva kashika upanga na ngao, ambacho kila niliyemwonyesha alisema ni ya timu ya mpira au ya waganga. Kumbe ni ya Kopsi ya Pili, kikosi kikubwa cha jeshi la Poland, wale waliopanda Monte Cassino kule Italia 1944. Mzee akanipa ushauri ambao peke yake unalipa ile hela, andika kikaratasi imetoka kijiji gani na kwa nani ukiweke na beji, kwa sababu ikitengana na Tengeru inabaki kitambaa tu.

Za Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) ndo anazijua kama mfuko wake, lile tarumbeta lenye namba ya bataliani, ya 6 ndo ya huku Tanganyika, ikaja kugeuka Tanganyika Rifles 1961 mpaka yale maasi ya wanajeshi ya Januari 1964. Kile kichwa cha kifaru cha kitambaa ni divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma vita ya pili. Kuhusu medali anakuambia ukweli hata kama unauma, zile nyota za Waingereza za vita ya pili wengi walipewa hazina jina, wakati medali za vita ya kwanza nyingi zina namba na jina, ukingoni au nyuma, kwa hiyo mtu akikuuzia Burma Star kwa bei ya juu eti ilikuwa ya babu fulani na hana karatasi, lipia nyota tu.

Sasa mabaya yake. Hana risiti, anaongea mno, na katikati ya kazi anakuacha akabadilishe betri ya saa ya mtu, unaweza kukaa pale mpaka chai ipoe. Alafu akiipenda beji anaanza kukusumbua umuuzie, hilo silipendi, anayekadiria asiwe mnunuzi. Beji za mitumba, zile za nyuzi za dhahabu za kwenye mablezi, anazipita haraka sana, ni kama anazidharau. Na kitu chochote cha JWTZ hagusi, anakurudishia na kukuambia ukipeleke kunakohusika, hapo niko naye.

Nampa nyota nne. Nenda asubuhi wateja wa saa hawajajaa, na usizisugue na Brasso kabla ya kwenda, atakugombeza mbele za watu.