Uzoefu wangu: bima ya vyombo vya muziki, kabla na baada ya wezi

Wakala wa bima alipokaa sebuleni kwangu Tabata kuorodhesha mali, aliandika: "Redio na sabufa, 1." Nikamwambia, kaka, hiyo si sabufa. Hapo kuna amplifaya ya Marantz, pleya ya santuri ya Technics SL-1200 na spika mbili ndefu za Wharfedale, kila kimoja kimenunuliwa kivyake, vingine kwa hela ambayo mama watoto hakuiona. Akacheka, akakata mstari, akaanza upya. Mstari ule ulikuja kunifaa miezi tisa baadaye.

Mimi ni mpangaji, kwa hiyo nilikata bima ya vitu vya ndani tu, nyumba ni shauri la mwenye nyumba. Nilitaja jumla ya shilingi 20,000,000. Ada ilikuwa asilimia 1.5, yaani 300,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake, ikawa 354,000 kwa mwaka. Vyombo vya muziki viliandikwa kwenye karatasi ya nyongeza kwa jina, modeli, namba iliyogongwa nyuma ya mashine, na bei. Usiruke karatasi hiyo. Mkataba wangu unasema kitu kimoja ambacho hakikutajwa kwa jina hakilipwi zaidi ya asilimia 5 ya jumla. Kwangu hiyo ni milioni moja, na amplifaya peke yake ni 4,200,000. Ingebaki "redio na sabufa" ningelia.

Machi tulikwenda msibani Morogoro, siku mbili. Tuliporudi, nondo mbili za dirisha la stoo zilikuwa zimekatwa kwa msumeno. Wamebeba amplifaya, pleya, kigeuzi kidogo cha sauti (kile cha kugeuza sauti ya kidijitali iingie kwenye amplifaya) na kishikwambi cha binti yangu. Spika zimewashinda, moja waliiburuta hadi kwenye korido wakaiacha imelala. Na pleya imeondoka na santuri juu yake, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ya marehemu baba. Kava limebaki kwenye kochi.

Nilikwenda polisi asubuhi ileile nikapata RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, nikapitia serikali ya mtaa kuchukua barua, nikampigia wakala. Mtathmini, mtu wa kukagua hasara kwa niaba ya kampuni ya bima, alikuja siku ya nne. Hata sebuleni hakuingia kwanza, alikwenda moja kwa moja stoo, akapiga picha nondo na chenga za chuma zilizobaki kizingitini. "Hapa pamevunjwa," akasema, akaandika. Sikuelewa uzito wa neno hilo mpaka nilipousoma mkataba vizuri usiku. Wizi kwao ni wa kuvunja. Mlango ukiachwa wazi, au mgeni akitoka na kitu kwenye begi, hulipwi. Jirani yangu aliibiwa na kijana aliyekuwa akiishi naye, hakupata hata senti.

Kisha risiti. Ya amplifaya ninayo, ya EFD kabisa, ile ya mashine ya kodi. Pleya niliinunua mtumba Ilala, "risiti" yake ni karatasi ya daftari yenye sahihi isiyosomeka. Kilichonisaidia ni picha ya namba ya mashine niliyopiga kwa simu siku ya kujaza fomu, pamoja na bei tuliyokubaliana kwenye ile karatasi ya nyongeza.

Hesabu ilikuja hivi: amplifaya 4,200,000, pleya 2,800,000, zote kamili. Kigeuzi na kishikwambi vilikuwa vya 1,500,000 kwa pamoja, wakanilipa 1,200,000. Kwa nini? Mtathmini alithamini vitu vyote vya ndani akapata milioni 25, mimi nilikata bima ya 20, basi kwa vile ambavyo havikuorodheshwa wakalipa asilimia 80. Hapo nilijiponza mwenyewe kwa kubana ada. Jumla 8,200,000, wakakata asilimia 10 ambayo mteja hujibebea kwenye wizi, mkononi nikapata 7,380,000.

Malalamiko yangu ni muda. Wiki saba! Nakala ya RB niliipeleka mara tatu, kila mara "faili lipo kwa mwenzangu, yuko likizo". Nilipotaja kwamba nitakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kesho yake nikapigiwa simu nije nisaini. Kampuni siitaji, maana wakala wao alikuwa muungwana mwanzo hadi mwisho.

Jambo jingine wenye mashine za bei mjue: umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo na kuunguza amplifaya, bima yangu haihusiki. Nimenunua stabilaiza.

Nawapa nyota tatu na nusu. Nimebaki nao, na mwaka huu nimetaja milioni 25, ada ikapanda hadi 442,500. Inauma, lakini sitaki tena ile asilimia 80.

Santuri? Mtathmini aliniuliza bei yake. Nikasema sina, ilinunuliwa kabla sijazaliwa. Akaandika "santuri 1, 20,000". Nikamwomba aifute.