Unahamia Dar? Anza na barabara, ndipo utafute nyumba

Dalali atakuuliza bajeti yako. Wewe jiulize kwanza asubuhi utapita barabara gani, kwa sababu nyumba nzuri ya Bunju, pembezoni kabisa mwa jiji, kwa mtu anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, ni mahali pa kulala tu. Mpangilio huu ni wa mpangaji asiye na gari, mwenye shughuli zake Posta au Kariakoo.

1. Sinza na Kijitonyama. Nazipa namba moja bila kusita. Upande mmoja una Barabara ya Morogoro, upande wa pili ya Bagamoyo, na Shekilango inaziunganisha: huku kukifunga, unatokea kule. Kodi imechangamka, na baa nazo hazilali. Chumba kakague Ijumaa usiku, usiende Jumanne asubuhi.

2. Kimara. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yana njia yake, na kodi ni nafuu kuliko Sinza. Ila jioni kuingia basini ni mieleka, na masika Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani barabara hufungwa. Tafuta nyumba ya kutembea kwa mguu hadi kituoni. Ukiongeza bodaboda kila siku, ule unafuu umeshaliwa.

3. Tabata hadi Segerea. Mitaa ya familia, maduka karibu. Foleni ya kuvuka Barabara ya Mandela ndiyo inayoishusha.

4. Kigamboni. Nafasi ipo, upepo upo. Daraja lilifunguliwa 2016 na wenye magari hulipa tozo. Kama ofisi yako iko karibu na Kivukoni, pantoni itakufikisha haraka, na kwako wewe Kigamboni ipande hadi namba mbili.

5. Goba na Madale. Nyumba kubwa, fensi, hewa safi. Nunua gari kwanza.

Masaki na Oysterbay sijazipanga. Anayezimudu ana watu wa kumtafutia.

Ukishachagua eneo, usidanganywe na rangi mpya na tailizi. Tazama ukuta wa nje chini: alama ya maji, plasta iliyobanduka, kijiukuta kilichojengwa mlangoni. Hivyo ni vitu vya mtu aliyewahi kufukuzana na mafuriko. Kisha muulize muuza genge jirani, maana hana kamisheni ya kulinda: Machi hadi Mei maji hufika wapi? Maji ya DAWASA hutoka siku zipi? Kama ni kisima, nawa kwa sabuni palepale. Povu likigoma, maji ni ya chumvi. Utanunua ya kunywa na pengine ya kufulia.

Luku iwe ya kwako peke yako. Mita moja kwa wapangaji wanne ni ugomvi wa kila wiki, hasa kukiwa na mwenye friji na mwenye taa moja.

Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali naye huchukua ya mwezi mmoja. Omba mitatu, nyumba iliyokaa wazi muda mrefu hulegeza masharti. Hela ya kodi mkabidhi mwenye nyumba mwenyewe, baada ya ofisi ya serikali ya mtaa kukuthibitishia kwamba nyumba ni yake na mkataba kusainiwa. Dalali alipwe ukishashika funguo.