Meli ya Alaska: mwezi kwanza, chumba baadaye

Naishi Kent, kusini kidogo ya Seattle, na tangu nimpeleke mama Alaska kwa meli ya kitalii simu za ndugu na jamaa haziishi. Kila anayepiga anaanza na swali lilelile: "Tuchukue chumba chenye roshani au ni kupoteza pesa?" Na mimi humuuliza kwanza: mnakwenda mwezi gani, na meli inaondokea bandari gani? Roshani ya bei kubwa katika wiki ya mvua na ukungu itakuonyesha mvua na ukungu. Nimekwenda mara mbili. Ya kwanza ilikuwa Septemba, peke yangu. Ya pili Juni mwanzoni, na mama mwenye miaka 71. Kilichozitofautisha safari hizo ni tarehe na mahali chumba kilipo melini.

Meli kubwa huanza kwenda mwishoni mwa Aprili na humaliza mwanzoni mwa Oktoba. Katika kipindi hicho, chaguo langu la kwanza ni nusu ya pili ya Mei hadi katikati ya Juni. Wengi wanaikwepa Mei wakiogopa baridi, kumbe katika kusini-mashariki ya Alaska, ambako ndiko meli zinakopita, miezi hiyo ni mikavu kuliko ile ya mwisho wa msimu. Neno "mikavu" lisikudanganye: mji wa Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, kama mara tatu ya Dar es Salaam. Lakini uwezekano wa kupata siku isiyo na mvua ni mkubwa zaidi kabla ya Juni kuisha. Theluji bado imeshuka chini milimani, nyangumi wenye nundu wamesharudi kutoka Hawaii kuja kula, na bei haijafika ile ya Julai. Halafu kuna mwanga. Juni ikikaribia mwisho, jua la Juneau, mji mkuu wa Alaska, linazama baada ya saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Sisi tunaoswali tulikuwa tunasubiri magharibi wakati ambao Tanga mtu ameshaswali isha, amekula na amelala. Mama alizoea siku ya pili, na saa zile za jioni ndefu ndizo alizozipenda kuliko zote, maana milima ilikuwa inageuka rangi ya waridi na sitaha imebaki tupu.

Mei ina kasoro moja ya kweli. Kama meli yako inakwenda Hubbard Glacier, mto wa barafu unaoishia baharini, vipande vya barafu vinavyoelea hujaa mlangoni mwa ghuba yake mwanzoni mwa msimu, na nahodha anaweza kugeuza akiwa mbali. Kwa Hubbard subiri Julai.

Julai hadi katikati ya Agosti naiweka ya pili. Ni miezi ya joto zaidi, Juneau hufika nyuzi 17 au 18 mchana, samaki aina ya samoni wanapanda mitoni na dubu wanawafuata, na watoto wako likizo. Mwenye wanafunzi hana mwezi mwingine, basi achukue huu na alipie mapema. Ajue tu kwamba Skagway, mji wa watu kama elfu moja, unaweza kupokea abiria zaidi ya 10,000 kwa siku moja.

Mwisho wa Agosti na Septemba ni ya tatu. Bei inashuka, giza linarudi, na mwenye bahati ataiona mianga ya kaskazini ikicheza angani. Ila mvua inazidi kila wiki. Septemba ile nilinyeshewa siku nne kati ya saba, na Ketchikan niliiona kupitia kioo cha mkahawa.

Sasa bandari, jambo ambalo limewakosesha safari watu ninaowajua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inaizuia meli yenye bendera ya nchi nyingine kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kupita nchi ya kigeni, na karibu meli zote hizi zina bendera za nje. Ndiyo sababu hata ile inayoondoka Seattle na kurudi Seattle hutia nanga Kanada, mara nyingi Victoria. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayekuja kutembea anahitaji viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, na ya Kanada pia. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani haombi viza ya Kanada, lakini lazima abebe kadi hiyo pamoja na pasipoti ya nchi yake ambayo haijaisha muda. Nimeona mtu akirudishwa gatini na mabegi yake kwa pasipoti iliyokwisha, na pesa hazikurudi.

Bandari inaamua na mawimbi pia. Meli nyingi za Seattle hupita nje ya Kisiwa cha Vancouver, bahari kuu, na huko meli inasukwa hasa. Zinazoondoka mji wa Vancouver, Kanada, hupita ndani, kati ya visiwa, maji yametulia kama ya mkondo wa Lamu. Mwenye kichefuchefu cha bahari, au aliye na mzee, aanzie Vancouver.

Kabla hujatazama chumba, tazama ratiba inakwenda kwenye barafu ipi. Mimi nachagua Glacier Bay, ghuba iliyo ndani ya mbuga ya taifa. Haziruhusiwi kuingia zaidi ya meli kubwa mbili kwa siku, wahifadhi wa mbuga hupanda melini kueleza, na nafasi nyingi wanazo kampuni za Holland America na Princess. Katikati ya karne ya 18 ghuba nzima ilikuwa barafu tupu, na ndugu zetu wa kabila la Tlingit, wenyeji wa huko, walihamishwa na barafu hiyo iliposonga mbele kwa kasi. Leo unasafiri zaidi ya kilomita 100 majini kuifikia ilikorudi. Aliyeona vilele vya Kilimanjaro vikipungua weupe mwaka hadi mwaka ataielewa safari hiyo bila kuelezwa.

Ndiyo, chumba. Namba moja kwangu ni chenye roshani, katikati ya meli, sitaha za kati. Wanamaji wa kwetu husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani uende nyuma au mbele ya chombo, utarudi tumboni mwake. Meli inapopanda na kushuka, katikati ndiko kunakotikisika kidogo. Mbele ya Margerie Glacier, barafu iliyo ndani ya Glacier Bay, meli husimama karibu saa nzima na kujizungusha taratibu, hivyo pande zote mbili zinaona. Upande una maana kwa safari ya kwenda tu, Vancouver hadi Seward au Whittier, bandari za Alaska: chukua kulia, ndiko bara liliko.

Mama alikaa pale roshani, amejifunga kanga mbili juu ya koti, blanketi magotini, chupa ya chai ya tangawizi miguuni. Bonge la barafu kubwa kama nyumba likateleza likaingia majini. "Mwanangu, mbona limeanguka kimya?" Hajamaliza, mngurumo ukatufikia, kifuniko cha chupa kikatetemeka. Miguu yake isingeweza kusimama saa ile kwenye upepo wa sitaha ya juu, kwa hiyo kwa mzee roshani silipii kwa majuto.

Wewe kijana mwenye miguu mizima, namba mbili yako ni chumba cha ndani kisicho na dirisha. Ni rahisi kuliko vyote, giza lake linakupa usingizi katika siku zenye usiku mfupi, na barafu utaitazama sitahani pamoja na wote. Fedha inayobaki ipande boti ya kutazama nyangumi Juneau. Chumba cha dirisha nakiweka mwisho: huwezi kutoka nje wala kufungua kioo, na vingine boti za kuokolea zimeninginia mbele yake.

Epuka ile bei ya chini ambapo kampuni yenyewe inakuchagulia chumba. Septemba walinipa cha omo kabisa, chini. Kila alfajiri tukikaribia gati, mashine za kusogeza ubavu wa meli zilikuwa zinatikisa kitanda, na minyororo inakwaruza ukutani. Mwombe wakala namba ya chumba kabla ya kutoa amana, fungua ramani ya sitaha, angalia kilicho juu na chini yake. Juu kukiwa na vyumba vya kulala na chini vilevile, lipia. Ukikuta jiko, ukumbi wa muziki au bwawa, omba namba nyingine.