Trela ya Kubebea Mitambo Mizito: Ipi Inunuliwe Mombasa

Anayetaka kununua trela ya kubebea mitambo mizito hapa Mombasa aupime kwanza mtambo wenyewe, uzito wake na kimo chake, kabla hajauliza bei ya trela yoyote. Eskaveta ya ukubwa wa Caterpillar 320 ina takriban tani 22, na mkono wake ukiwa umekunjwa husimama karibu mita 3. Sitaha, yaani sakafu ya kubebea mzigo, ya flatibedi ya kawaida (trela bapa) iko kama mita 1.5 kutoka ardhini, kwa hiyo eskaveta hiyo ikipanda juu yake kimo cha jumla hufika mita 4.5, na nyaya zilizolegea juu ya barabara za mitaani zinakuwa hatari ya kweli. Sitaha ya lobedi, trela yenye sakafu iliyoshushwa, iko karibu mita 0.9 tu. Sentimita hizo 60 ndizo zilizoniongoza katika kuzipanga trela hizi.

Nafasi ya kwanza naipa lobedi ya ekseli tatu yenye shingo (sehemu ya mbele inayoshikana na gari linaloivuta) isiyochomoka na ngazi za kupandia kwa nyuma. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani ya praimuva, gari linalovuta trela, tani 18 kwenye ekseli zake mbili zilizoandamana na tani 24 kwenye ekseli tatu za trela, yaani tani 50 kwa jumla. Ukiondoa praimuva ya takriban tani 9 na lobedi ya takriban tani 11, unabakiwa na kama tani 30 za mzigo, ambazo zinaitosha eskaveta ile, rola za barabarani na magreda mengi. Tingatinga la ukubwa wa D8, lenye karibu tani 38, halimo katika hesabu hiyo. Hilo linataka ekseli zaidi pamoja na kibali maalumu cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya, na asiyelibeba mara kwa mara ni afadhali akodishe kuliko kununua. Muuzaji akisema trela yake "inabeba tani 60", huenda anasema kweli kuhusu chuma chake, lakini mizani ya magari ya Mariakani, kwenye barabara ya Nairobi, hupima ekseli, si uimara wa chuma.

Ya pili ni lobedi yenye shingo ya kuchomoa, ambayo mtambo huipandia kwa mbele. Ni bora kwa mitambo ya matairi madogo isiyoweza kupanda ngazi kali, ila haidroliki yake inahitaji fundi anayeijua, na bei yake ni kubwa. Ya tatu ni trela ya sitaha yenye kidato kimoja, yaani inayoshuka mara moja nyuma ya shingo, inayofaa jenereta na kompresa. Flatibedi naiweka mwisho kwa kazi hii, ingawa kwa makontena, nondo na mabomba yanayotoka bandari ya Kilindini hakuna inayoishinda.

Ukinunua iliyotumika, na wengi wetu ndivyo tunavyonunua, usiiamini rangi mpya. Hewa ya chumvi ya pwani huila trela kuanzia chini, hasa mahali maji yanapotuama kati ya boriti na vyuma vya kukingama. Ingia uvunguni na tochi na nyundo, uangalie shingo inapoungana na sitaha, kwa kuwa hapo ndipo uzito wote unapopinda na ndipo nyufa huanza. Uchomeleaji mpya mahali hapo ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Pima pia kingpini, pini ya chini ya shingo inayofungwa kwenye praimuva: ziko za inchi 2 na za inchi 3.5, na isiyolingana na praimuva yako haitafungika. Uliza saizi ya matairi, maana lobedi nyingi hutumia rimu ndogo kama za inchi 17.5, ambazo breki zake hupata moto haraka kwenye mteremko wa Mazeras.

Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilinganishwe na ile ya kwenye hati ya umiliki kabla ya malipo yoyote, na minyororo ya kufungia mtambo iingizwe kwenye bei. Mtambo wa tani 22 unahitaji minyororo minne iliyo imara, mmoja kila pembe, kila mmoja ukiwa na kikazio chake na kibao kinachoonyesha uwezo wake.