Uzoefu wangu: sororiti Marekani, je, pesa yake inarudi?

Wadogo zangu wanaokwenda kusoma Marekani huniuliza sana kuhusu sororiti, zile jumuiya za wasichana wa vyuo zinazojiita kwa herufi za Kigiriki. Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeliwa na ada.

Nilijiunga nikiwa mwaka wa pili, katika mojawapo ya zile nne za wanawake Weusi. Alpha Kappa Alpha ndiyo ya kwanza, ilianzishwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1908. Delta Sigma Theta ikafuata hapo hapo 1913, kisha Zeta Phi Beta 1920. Sigma Gamma Rho ilianzishwa Indianapolis 1922, na walimu saba. Yangu ni ipi sisemi, maana nitailalamikia hapa chini. Wale wasichana wa sororiti unaowaona TikTok wakicheza mbele ya majumba makubwa kule Alabama ni mambo mengine kabisa. Sisi hatukuwa na jumba, tulikuwa tukiomba chumba cha mikutano na kupanga viti wenyewe.

Faida niliyoiona mapema ni masomo. Jumatatu jioni wote tulikuwa maktaba, simu zimetiwa kwenye kapu moja katikati ya meza. Alama zako zikishuka chini ya kiwango, unasimamishwa shughuli zote, kwa hiyo wenzako hawakuachi uanguke. Somo la takwimu lilikuwa likinitoa jasho mpaka dada mmoja wa mwaka wa nne akaanza kukaa nami kila wiki, bila malipo na bila kunionyesha kwamba ninamsumbua.

Lakini utamu wenyewe uko kwa waliohitimu. Uanachama hauishi siku ya mahafali; kuna matawi ya watu wazima, na humo utawakuta mawakili, wauguzi, walimu wakuu na bibi waliostaafu. Kamala Harris aliingia AKA (Alpha Kappa Alpha) akiwa Howard mwaka 1986, na Julai 2024, tayari ni Makamu wa Rais, alihutubia mkutano wao Dallas. Mimi aliyenifaa ni mama mmoja mhasibu, mwanachama wa siku nyingi. Alichukua wasifu wangu wa kazi na kalamu nyekundu, akafuta kila mahali nilipoandika "naomba kwa unyenyekevu", kama tulivyofundishwa shule. "Hapa huombi, mwanangu. Sema ulichofanya." Halafu akanitajia kampuni zinazokubali wanafunzi wa kigeni kwa mafunzo ya kazi, jambo ambalo ningelihangaikia peke yangu miezi mingi.

Sasa ada. Ya kuingia ni mamia ya dola, pengine zaidi, na kwetu ililipwa kwa mkupuo, hakuna lipa mdogo mdogo. Kisha kuna ada ya kila mwaka, jaketi, na nauli za makongamano. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki muhula ukiendelea, tena ndani ya chuo, kwa hiyo piga hesabu kabla hujavutiwa na rangi za jaketi. Kilichonikera zaidi ni kwamba gharama nyingine nilizijua nikiwa tayari ndani. Uliza mapema, hata wakikutazama vibaya.

Jambo jingine ni mateso ya kuingilia. Jumuiya kubwa za Weusi, za wanaume na wanawake, zilifuta rasmi utaratibu wa zamani wa kuwasulubu wageni mwaka 1990, lakini huko na huko bado hufanyika kwa siri. Mtu akikuita usiku ukapigwe, au akakufanya mtumwa wa kumfulia nguo, ondoka ukaripoti chuoni. Mimi hayakunipata.

Na kama mfuko haujakaa sawa, usikope. Matawi ya waliohitimu nayo hupokea wanachama wapya wenye shahada, na wakati huo utalipa kwa mshahara wako.