Pengo la hadithi au mhusika asiyefikiri: kipi kinaharibu zaidi filamu ya kutisha?

Mabishano haya hayaishi, basi tuzipime filamu mbili: A Quiet Place (2018), yenye pengo la hadithi, yaani jambo lisiloingia akilini katika kisa chenyewe, na Prometheus (2012), yenye wahusika wasiofikiri.

Kwanza, je, hofu inakatika? Katika A Quiet Place, viumbe huwinda kwa kusikia. Baba anampeleka mwanawe kwenye maporomoko ya maji, wanapiga kelele na hakuna kinachowadhuru. Sasa kwa nini familia yenye mama mjamzito isihamie pale? Lakini swali hilo lilinijia baadaye kabisa. Nikiwa natazama nilibana pumzi tu. Prometheus haikupi nafasi hiyo. Wanasayansi wanavua kofia zao za anga kwenye mwezi wa sayari ngeni. Mwanabiolojia aliyetishwa na maiti muda mfupi kabla anamnyooshea mkono kiumbe mfano wa nyoka, anayetanua shingo kama swila, na kumbembeleza kama paka! Hapo hofu imeniisha, nimebaki na hasira.

Je, kuna utetezi? Hapa Prometheus inapata nafuu. Vickers, msimamizi wa safari, anakimbia kufuata njia ileile ya chombo cha anga kinachobiringika badala ya kukata pembeni, na kweli mtu aliyeshikwa na kiwewe hukimbia hivyo. Pengo halina wa kulisingizia ila mwandishi.

Ukirudia kutazama, ujinga unauzoea, pengo linazidi kupanuka.

Unayetazama mara moja, usiku, taa zimezimwa, utalivumilia pengo. Unayerudia na kuchambua kila tukio, afadhali wahusika wenye papara.